Maisha ya Jack Cole, Aliyembuni Plastic Man

Safu hii ya watu mashuhuri waliokwisha kutuacha imezoea majina makubwa. Tumesoma habari za Shaaban Robert, tumesoma za Mekatilili wa Menza, na mimi sina neno nao hata kidogo. Lakini katibu wa chama alipopitisha karatasi ya kujiandikisha, niliandika jina ambalo nusu ya wanachama hawakuwa wamewahi kulisikia: Jack Cole. Wengine wakadhani ni mwanamuziki. Kuna mmoja, simtaji, aliyeuliza kama huyo ndiye mwenye soda. La hasha! Jack Cole alikuwa mchoraji wa katuni nchini Marekani, na kati ya watu wa kazi hiyo jina lake ni kubwa kama lilivyo la Shaaban Robert kwetu sisi wa Kiswahili. Alibuni jagina mmoja aitwaye Plastic Man, yaani mtu mwenye mwili unaovutika kama mpira wa tyubu, na ndiye jagina wa kwanza aliyenifanya nicheke mpaka nikatolewa nje ya chumba na dada yangu aliyekuwa akidurusu.

Jack alizaliwa tarehe 14 Desemba, 1914, katika mji wa New Castle, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa na pia alipenda kutumbuiza watu kwenye mikutano na sherehe za pale mjini, bila malipo ya maana. Mama yake alikuwa amefundisha shule ya msingi. Kwa hiyo nyumba yao haikuwa ya utajiri wala ya ufukara, ilikuwa ya kawaida tu, kama zetu, ambapo kila kitu kinagawanywa mara sita na hakuna anayeshiba sana.

Kijana huyu alipenda kuchora tangu udogoni. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano hivi aliona tangazo la masomo ya kuchora katuni kwa njia ya posta. Shule yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja aitwaye Landon, na wachoraji wengi wa Marekani wa wakati ule walipitia mikononi mwake bila hata kumwona uso. Unatuma pesa, unaletewa mazoezi, unachora, unarudisha yasahihishwe. Jack alimwendea baba yake. Baba akakataa kutoa pesa. Sitamlaumu mzee huyo, kwa maana mambo ya fedha Marekani yaliporomoka vibaya mwaka wa 1929, na mwenye duka ndiye wa kwanza kujua watu wanapokosa pesa. Tena ni mzazi gani, wa huko au wa hapa, ambaye mtoto akimwambia anataka karo ya kuchora vikaragosi atafurahi?

Basi Jack alifanya ujanja. Alikuwa akipewa pesa za chakula cha mchana shuleni. Inasimuliwa kwamba alichukua kitabu, akakikata ndani ya kurasa mpaka kikawa na shimo kama kisanduku, akawa anaficha mkate wenye kitu ndani kutoka nyumbani na kwenda nao shule. Akala mkate ule, akaweka akiba zile pesa. Senti kwa senti, mpaka akalipa yale masomo. Sisi wa shule ya kutwa tunaijua vizuri hesabu hii. Ukiacha mandazi siku tano unapata nauli ya Jumamosi. Ila kukata kitabu sijasema mtu ajaribu, mwenye maktaba asije akanitafuta.

Jambo la pili alilolifanya akiwa shuleni ndilo linaloniacha mdomo wazi mpaka leo. Mwaka wa 1932, akiwa na miaka kumi na saba, alipanda baiskeli na kuondoka New Castle, peke yake, kuelekea Los Angeles. Kwa wasiokumbuka ramani, New Castle iko upande wa mashariki wa Marekani na Los Angeles iko upande ule mwingine kabisa, ufuoni mwa Bahari ya Pasifiki. Alifika, na akarudi. Safari nzima ilikuwa kama maili 7,000, yaani zaidi ya kilomita 11,000. Nilipiga hesabu usiku mmoja badala ya kufanya zoezi la Fizikia: ni kama kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa zaidi ya mara ishirini. Na baiskeli zenyewe za miaka ile si hizi nyepesi za gia kumi na nane, ni ndugu za Black Mamba ya babu. Baadaye aliandika habari za safari hiyo, akazitia michoro yake mwenyewe, na jarida la vijana liitwalo Boys' Life likazichapa mwaka wa 1935. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kulipwa.

Alipomaliza shule alipata kazi katika kiwanda cha kutengeneza mikebe. Mwaka wa 1934 alimwoa Dorothy Mahoney, msichana waliyejuana tangu utotoni, na wakafunga ndoa hiyo kwa siri bila wazazi kujua. Kiwandani hakukaa sana moyo wake ukatulia. Mwaka wa 1936 yeye na Dorothy walifunga virago wakahamia New York, na mwaka mzima ukapita Jack akizunguka kwenye majarida na magazeti kutafuta mtu wa kununua michoro yake. Mambo yalikuwa bado. Ndipo akaingia katika karakana ya bwana Harry Chesler, mahali ambapo vijana walikaa kwenye meza kwa safu, wakichora kurasa za katuni kama mafundi wa jua kali wanavyotoa jiko moja baada ya jingine. Hapo alijifunza kufanya kazi haraka. Baadaye akapewa uhariri wa kitabu cha katuni kiitwacho Silver Streak, na kutoka hapo akachukuliwa na kampuni ya Quality, iliyokuwa ya mtu aliyeitwa Everett Arnold.

Ni lazima nieleze kidogo zilikuwa nyakati gani. Superman alitokea mwaka wa 1938. Akafuatwa na Batman mwaka wa 1939. Basi kila kampuni ikataka jagina wake wa kuvaa nguo za kubana na kupiga watu makonde. Karibu wote walikuwa watu wakavu, wenye kifua mbele na taya la mraba, hawacheki hata wakifinywa. Arnold naye alitaka wake. Jack akaja na wazo la mtu anayejinyosha na kujipinda. Mwanzoni alitaka kumwita kwa jina lililotumiwa kwa wale watu wa sarakasi wanaojikunja kama hawana mifupa, yaani mtu wa mpira. Arnold akashauri aitwe Plastic Man, kwa sababu plastiki ilikuwa kitu kipya, cha ajabu, kila mtu akikizungumzia. Hapa kwetu plastiki imekwisha kuwa jina baya, na mifuko yake ikapigwa marufuku mwaka wa 2017, lakini mwaka wa 1941 kuitwa plastiki ilikuwa sifa! Chama kilibishana mkutano mzima jina hili tulitafsirije. Wengine walisema Mwanampira, wengine Bwana Plastiki. Mimi nimeliacha lilivyo, kama vile Wamarekani wasivyoweza kumtafsiri Abunuwasi.

Hadithi ya kwanza ya Plastic Man ilitoka katika kitabu cha Police Comics namba moja, chenye tarehe ya Agosti 1941. Ilikuwa na kurasa sita tu. Nitaisimulia, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sikuliona niliposoma mara ya kwanza.

Kuna mwizi anaitwa Eel O'Brian. Si mtu aliyesingiziwa, ni mwizi kweli, bingwa wa kufungua makasha ya pesa. Usiku mmoja anaingia na genge lake katika kiwanda cha kemikali. Mlinzi anawagundua, anafyatua risasi, Eel anajeruhiwa na wakati huohuo anamwagikiwa na asidi kutoka kwenye pipa. Wenzake wanaruka ndani ya gari na kumwacha. Hawageuki hata kutazama. Anakimbia na kidonda chake, anapita kwenye vinamasi, anapanda mlima, anaanguka na kuzirai. Anapozinduka yuko kitandani, mahali pasafi na tulivu. Mtawa mmoja amemwokota. Tena polisi walikuja wakimtafuta, na mtawa yule akawarudisha, kwa sababu alimtazama yule mgonjwa na kuona kwamba angeweza kuwa mtu mwema kama angepewa nafasi. Eel anashangaa. Hakuna aliyewahi kumtendea hivyo, maana alikuwa yatima tangu akiwa na miaka kumi. Anapojinyosha kitandani, mkono unavutika kama ubani uliotafunwa. Asidi imeingia mwilini. Basi anaamua kuwa upande wa haki, na jagina wetu anazaliwa.

Sasa angalia. Majagina wengine walipata nguvu kwa kutoka nyota nyingine au kwa kurithi mali. Huyu alikuwa mhalifu. Kilichombadilisha si asidi, ni mtu mmoja kumhifadhi alipokuwa hastahili. Nilikisoma kitabu hiki mara ya kwanza nikiwa darasa la saba, na mambo ya mtawa niliyaruka ili nifike kwenye mkono unaovutika. Mwaka huu nimekisoma tena, na nimerudia ule ukurasa wa mtawa kuliko kurasa zote.

Kitabu chenyewe kinaitwa Jack Cole and Plastic Man. Kilitoka mwaka wa 2001, kikaandikwa na Art Spiegelman na kupangwa na Chip Kidd. Ni cha jalada jepesi, si la kadibodi ngumu. Mjomba alikipata kwa muuzaji wa mitumba anayetandaza vitabu kando ya barabara, akakinunua kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Ndani mna hadithi kadhaa za Plastic Man kama zilivyochapwa zamani, rangi zake zimefifia, na kati ya hadithi pana maelezo marefu ya maisha ya Jack Cole kwa Kiingereza kigumu kidogo. Darasa la saba nilisoma picha. Kidato cha tatu nimesoma maelezo, kamusi ikiwa mkononi, na ndipo nikajua kwamba nyuma ya kile kicheko kulikuwa na mtu.

Lakini kicheko kwanza. Plastic Man huvaa vazi jekundu na mshipi wa manjano wenye mistari myeusi, na miwani myeusi. Anaweza kujigeuza kitu chochote: kiti, zulia, taa, bomba, mlango. Ila rangi haibadiliki. Kwa hiyo majambazi wanaketi kupanga wizi wao, na katikati ya chumba pana meza nyekundu yenye mshipi wa manjano, na hakuna anayeshtuka! Msomaji anajua, majambazi hawajui. Huu ndio ufundi wa Jack. Alikufanya uwe mwerevu kuliko watu wote walio kwenye ukurasa. Kila mtu niliyemwazima kitabu hiki anaanza kwa kusoma hadithi na kuishia kutafuta tu, kidole kwenye ukurasa, kitu chekundu kiko wapi.

Kisha mwili wenyewe. Wachoraji wengine wakichora mtu anakimbia, wanachora miguu. Jack alichora shingo inapita dirishani kisanduku cha kwanza, inashuka ngazi cha pili, inapinda kona cha tatu, na kichwa kinamfikia jambazi barabarani huku miguu bado iko ghorofani. Jicho lako linavutwa pamoja na shingo ile. Pembeni kuna vijitu vidogo vinafanya mambo yao: mbwa anashangaa, mzee anaangusha gazeti, mwanamke anazimia. Ukisoma mara ya tatu bado unaona kitu kipya. Na kwa miaka ya mwanzo kazi yote ilikuwa yake. Aliitunga hadithi, akachora kwa penseli, akapitisha wino, na mara nyingi hata maneno aliyaandika kwa mkono wake.

Novemba 1942 alimpa Plastic Man mwenzake, Woozy Winks, jamaa mnene mwenye kofia ya majani makavu na shati la kijani lenye madoadoa. Woozy alikuwa amemwokoa mchawi asizame majini, na mchawi kwa shukrani akamkinga, yaani yeyote atakayetaka kumdhuru atazuiliwa na maumbile yenyewe, iwe kwa radi au kwa mvua ya mawe. Woozy alipopata bahati hiyo alirusha sarafu aamue kama atakuwa mwema au mwovu. Ikaanguka upande wa uovu. Basi, akaanza kuiba. Plastic Man akahangaika naye mpaka mwishowe akaingia upande wa sheria, ingawa mikono yake haikuacha kabisa kuingia katika mifuko ya watu. Waliokuwa wakisoma Juha Kalulu katika Taifa Leo watamtambua Woozy mara moja. Ni ndugu wa ukoo mmoja.

Watu walimpenda Plastic Man. Mwaka wa 1943 akapata kitabu chake mwenyewe, na Arnold alimpa Jack nyongeza juu ya malipo. Lakini tufahamu, jagina hakuwa mali ya Jack. Wakati ule mchoraji alilipwa kwa ukurasa na kila kitu alichobuni kilibaki cha kampuni. Tena kazi ikawa nyingi, kwa maana rafiki yake Will Eisner, mwenye kuchora The Spirit, alipochukuliwa jeshini mwaka wa 1942, Jack alikuwa mmoja wa waliosaidia kuiendeleza hadithi hiyo magazetini. Plastic Man akaanza kuchorwa na watu wengine pia, majina yao yamefichwa. Ukiwa na jicho utawatambua. Shingo zao ni ndefu, ndiyo, lakini hazina uhai, ni kama bomba la kumwagilia maji. Kufikia mwaka wa 1950 hivi Jack mwenyewe alikuwa ameachana na jagina wake.

Sasa tunaingia pabaya. Baada ya vita, vitabu vya katuni vya uhalifu vilipendwa sana, na Jack naye alivichora. Mwaka wa 1947 alitunga hadithi ya msichana anayeingia katika biashara ya dawa za kulevya. Kuna kisanduku kimoja, cha ndoto, ambapo mtu anamkaribishia sindano kwenye jicho. Hicho kisanduku kimoja ndicho kilichomfuata. Mwaka wa 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kinachodai kwamba katuni ndizo zinazowaharibu vijana na kuwatia katika uhalifu, na picha ile ya Jack ikawekwa humo kama ushahidi. Mwaka huohuo kamati ya Seneti ya Marekani ikakaa kusikiliza mashtaka juu ya katuni. Wachapishaji wakaogopa, wakajitungia sheria kali za nini kiruhusiwe kuchorwa. Kampuni nyingi zikafunga milango. Plastic Man alitolewa mara ya mwisho na Quality mwaka wa 1956, na wenye kampuni ya DC wakanunua majina yote, Plastic Man akiwa mmoja wao.

Naomba niseme langu hapa. Hadithi ile ya sindano imo katika kitabu cha mjomba, nzima. Inatisha, sikatai, na singempa mtoto wa darasa la tatu. Lakini hakuna anayemaliza kuisoma akatamani dawa za kulevya, labda atamani kulala taa ikiwaka. Kukata kisanduku kimoja na kukionyesha peke yake ni kama kuchukua sentensi moja ya insha yangu na kunipa alama kwa hiyo. Walimu mtanisamehe.

Jack hakungoja katuni zimalizike. Aligeukia picha moja moja za mzaha, za rangi za maji, na kuanzia mwaka wa 1954 alichorea jarida la Playboy la Chicago. Ni jarida la watu wazima na mwalimu mlezi ananitazama, kwa hiyo nitalipita mbio. Itoshe kusema kwamba mwenyewe Hugh Hefner alimthamini mno, na Jack na Dorothy wakahama kutoka mashariki wakaenda kuishi karibu na Chicago. Sasa alilipwa vizuri. Alikuwa na nyumba. Watoto hawakujaliwa.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa akikitamani tangu siku za mkate uliofichwa kitabuni. Wachoraji wa wakati wake waliona vitabu vya katuni kuwa kazi ya chini. Heshima ilikuwa kuwa na katuni yako ya kila siku gazetini, inayosomwa na baba, mama na watoto mezani. Tarehe 26 Mei, 1958, Jack aliipata. Iliitwa Betsy and Me. Ilikuwa juu ya mume mpole, mkewe Betsy na mtoto wao mdogo mwenye akili kupita kiasi. Michoro yake ni mistari michache tu, laini, kama si mkono uleule uliochora shingo zile za Plastic Man. Magazeti yakaichukua. Jack alikuwa amefika.

Tarehe 13 Agosti, 1958, wiki kumi na moja tu baadaye, Jack Cole alijitoa uhai. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Sehemu hii tumeizungumza sana mimi na mwalimu mlezi. Aliniuliza kama ni lazima iwepo katika jarida la shule. Nilimjibu kwamba nikiandika tu kuwa alifariki, msomaji atadhani ni ajali au ugonjwa, na nitakuwa nimedanganya. Akakubali, kwa masharti kwamba nisieleze alivyofanya, na kwamba niseme wazi ofisi ya ushauri nasaha iko pale karibu na maabara na mwalimu wake hamfukuzi mtu, hata saa ya kengele. Nimesema.

Siku ile Jack alituma barua mbili, moja kwa Dorothy na moja kwa Hefner. Barua ya Hefner inajulikana. Ilikuwa ya kuomba radhi na kushukuru, haina sababu. Sababu aliiandika katika ile ya mkewe, na Dorothy hakuitangaza kwa umma. Wengi wamekisia tangu hapo. Wengine wamesema ni fedha, wengine ndoa, wengine ni huzuni aliyokuwa akiificha kwenye mzaha, na kuna wanaorudi kwenye michoro yake kutafuta dalili. Mimi pia nilijaribu. Nilipekua kitabu chote usiku nikitafuta alama katika nyuso za wale watu wadogo wa pembeni. Nikaacha. Barua ile ilikuwa ya Dorothy, na yeye aliamua. Ninachokijua ni kwamba nilipokuwa darasa la saba nilidhani mtu anayechekesha watu namna ile lazima awe anacheka mwenyewe siku nzima. Sasa nikimwona mchekeshaji wa darasa letu amenyamaza, huwa namsogelea.

Katuni ya Betsy iliendelezwa na mchoraji mwingine mpaka Desemba mwaka huo, kisha ikaisha.

Plastic Man ndiye aliyechelewa kuamka. Hebu sikiliza kichekesho hiki: mwaka wa 1960 DC walitaka jagina anayevutika, wakambuni mpya kabisa, Elongated Man, kwa sababu mhariri wao Julius Schwartz hakujua kwamba Plastic Man alikuwa tayari ni mali yao kabatini! Mwaka uliofuata kampuni nyingine ikamtoa Mister Fantastic, naye anavutika. Wote hawa ni wajukuu wa Eel O'Brian. Mwenyewe alirudi katika kitabu chake mwaka wa 1966, na mwaka wa 1979 akapata kipindi cha katuni katika televisheni. Kisha mwaka wa 1998 DC wakaanza kuzichapa upya zile hadithi za Jack katika vitabu vya jalada gumu, vikafika vinane, vya bei ambayo mjomba amesema tusiizungumzie.

Chetu cha jalada jepesi kipo kwa mtunza vitabu wa chama, kimebandikwa selotepu mgongoni. Kinaazimwa siku tatu. Zamu iliyopo sasa ni ya msichana wa kidato cha kwanza ambaye amekwisha kuipitisha wiki moja, na nikimwuliza anasema bado kuna ukurasa mmoja hajaona kitu chekundu kiko wapi. Nimeutazama huo ukurasa. Ni pazia.